Gari la Fahari Katika Barabara ya Tunduma

Ndugu msomaji, kama unapenda kuyatazama magari ya fahari bila ya kulipa kiingilio, huna haja ya kwenda katika maonyesho yoyote. Funga safari uende Tunduma. Tafuta benchi la muuza chai lililo karibu na barabara kuu, uketi, uelekeze macho upande wa Mbeya. Kabla chai yako haijapoa yatakuwa yamekwisha kukupita magari madogo kadhaa yenye vumbi la safari ndefu, meupe au ya rangi ya fedha, marefu kwa mbele, na paa likiwa chini kama kofia iliyovutwa usoni. Mengi kati ya hayo ni Toyota, na miongoni mwa Toyota hizo hutakosa kuiona ile iitwayo Mark II, ambayo vijana wetu huijua zaidi kwa namba ya umbo lake: GX 100 au GX 110.

Magari hayo si ya watu wa Tunduma. Yameshushwa melini katika bandari ya Dar es Salaam, yakabandikwa alama ya IT inayoonyesha kwamba yapo safarini kwenda nchi ya nje, kisha yakaendeshwa kwa zaidi ya kilometa 900 hadi hapa. Kesho au keshokutwa, taratibu za forodha zikikamilika, yatakuwa Zambia, au njiani kuelekea Kongo.

Nilikwenda Tunduma kwa nia ya kuutazama mji huo na barabara yake. Nimerudi na jambo moja ambalo naona ni wajibu kulieleza mbele ya kila familia yenye kijana anayeshika usukani, au yenye ndugu ambaye husimama kando ya barabara usiku akitafuta usafiri. Lakini jambo hilo halitaeleweka vema mpaka tujue kwanza barabara ile imetoka wapi, na gari lile limetoka wapi.

MJI ULIOZALIWA NA NJIA

Msafiri atokaye Mbeya hupita Mbalizi, huvuka bonde la mto Songwe, huupita mlima Senjele wenye sifa mbaya ya ajali, kisha huingia katika uwanda wa Mbozi, nchi ya mahindi na mashamba ya kahawa. Huko Ndolezi, nje kidogo ya njia kuu, kimelala Kimondo cha Mbozi, bonge la chuma lililotoka angani ambalo uzito wake hukadiriwa kuwa tani 16. Baada ya hapo msafiri huipita miji ya Mlowo na Vwawa, kisha Mpemba, na mwisho wa kiasi cha kilometa 100 tangu Mbeya huwa amefika Tunduma.

Mkoa wa Songwe ni mchanga. Ulimegwa kutoka mkoa wa Mbeya mwaka 2016, na makao makuu yake yapo Vwawa. Hata hivyo Tunduma ndiyo inayotajwa na wengi, maana hapo ndipo nchi yetu inapokabiliana na Zambia. Upande wa pili ni Nakonde. Wanyamwanga wapo huku na kule, na si ajabu kumkuta shangazi anaishi Tunduma na mpwa wake Nakonde, wakitembeleana kwa miguu.

Zamani barabara ipitayo hapa ilikuwa kipande cha ile Barabara Kuu ya Kaskazini, iliyotokana na ndoto ya wakoloni wa Kiingereza ya kuiunganisha Cape na Cairo. Ilikuwa njia ya vumbi wakati wa kiangazi na ya tope wakati wa masika. Kisha ikaja tarehe 11 Novemba 1965, siku ambayo walowezi wa Rhodesia wakiongozwa na Ian Smith walijitangazia uhuru wao. Zambia, iliyokuwa imejitawala kwa mwaka mmoja tu, ilikuwa ikitegemea njia za kusini kwa karibu kila kitu. Muda si muda mafuta yakakatika. Ndipo malori yakaanza kubeba mapipa ya mafuta kutoka Dar es Salaam kupeleka Zambia, na kurudi na shaba.

Wazee walioishuhudia kazi ile bado hukumbuka malori makubwa ya Fiat ya kampuni iliyoundwa na Zambia na Tanzania mwaka 1966 pamoja na wabia wa Kiitaliano. Madereva waliibatiza barabara hiyo jina la Njia ya Jehanamu. Halikuwa jina la mzaha. Malori yalipinduka, yalizama kwenye tope, yaliungua pamoja na mafuta yaliyoyabeba, na wapo madereva wengi ambao hawakurudi makwao. Ni vema tukumbuke kwamba kabla ya lami, njia hii ilifunguliwa kwa usingizi na damu ya madereva.

Baadaye mizigo iligawanywa. Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA lilianza kufanya kazi kutoka Dar es Salaam hadi Ndola. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 barabara ikatandikwa lami kwa misaada na mikopo ya nje, ikiwemo ya Marekani, Benki ya Dunia na Sweden. Sambamba na hayo, kuanzia mwaka 1970 hadi 1975, Wachina walijenga pamoja nasi na Wazambia reli ya TAZARA yenye urefu wa kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Lami iliyosaidiwa na Wamarekani na reli iliyosaidiwa na Wachina zinapita zote Tunduma. Mwezi Oktoba 2019 Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu wa Zambia walizindua hapo kituo cha pamoja cha forodha, ili gari likaguliwe mara moja badala ya mara mbili.

Hiyo ndiyo barabara. Sasa tuligeukie gari. Ili kuelewa kwa nini Mark II imetengenezwa namna ilivyo, hatuna budi kuondoka Tunduma kwa muda na kwenda mbali, mpaka Marekani.

GARI LA KUMSTAREHESHA MWENYEWE

Baada ya Vita Kuu ya Pili Wamarekani walikuwa na fedha, mafuta ya bei nafuu na barabara pana. Mwaka 1949 kampuni ya Buick ilitoa gari lililoitwa Roadmaster Riviera, ambalo halikuwa na nguzo kati ya dirisha la mbele na la nyuma. Vioo vikiteremshwa, ubavu mzima wa gari ulikuwa wazi, na paa likaonekana kama linaelea. Umbo hilo liliwapendeza watu mno, na viwanda vingine vikaliiga.

Mwaka 1955 Ford wakaleta Thunderbird, gari la watu wawili. Hawakulinadi kama gari la mashindano, bali kama gari la binafsi, yaani la kumstarehesha mwenyewe. Mwaka 1958 wakaliongezea viti vya nyuma, na mauzo yakaongezeka maradufu. Wafanyabiashara wakawa wamegundua jambo: wapo watu walio tayari kulipa fedha nyingi kwa gari lenye milango miwili tu, lisilofaa kwa mizigo wala kwa familia kubwa, mradi liwe zuri na liwe la raha.

Lililosifiwa kuliko mengi ya aina hiyo lilitoka kwa mwaka wa 1963, nalo lilirithi lile jina la Riviera. Mkuu wa wabunifu wa General Motors, Bill Mitchell, alisimulia kwamba wazo lilimjia London, alipoiona Rolls-Royce ikitokeza katika ukungu. Alitaka gari lenye heshima ya Rolls-Royce na wepesi wa gari la Kiitaliano. Matokeo yake yalikuwa gari lenye urefu wa karibu meta 5.3, lenye mistari michache iliyonyooka, vioo vya milango visivyo na fremu, na viti vinne vilivyotenganishwa kila kimoja na mwenziwe. Injini yake ya silinda 8 ilikuwa na ujazo wa lita 6.6, zaidi ya mara tatu ya injini ya lita 2 ya GX 100. Uzito wake ulikuwa kiasi cha tani 1.8; ungehitaji kupanga Riviera tisa kwenye mizani ili kukifikia Kimondo cha Mbozi. Kampuni iliamua kutengeneza magari 40,000 tu katika mwaka ule wa kwanza, ili mnunuzi ajione mteule.

Ndugu msomaji, naomba uzingatie shabaha ya ubunifu ule, kwa sababu ndiyo kiini cha makala haya. Gari la mashindano hubuniwa ili dereva aisikie barabara. Gari la fahari la Kimarekani lilibuniwa kinyume chake. Springi zake zilikuwa laini ili shimo lisimtikise mwenyewe. Injini ilikuwa kubwa ili isilalamike mlimani. Gia zilijibadilisha zenyewe, usukani ulisaidiwa na mashine ukazungushwa kwa kidole, na kelele za nje zilizuiwa. Mwenye gari alipaswa kufika aendako kana kwamba hakutoka sebuleni kwake.

Enzi hiyo ilitikiswa mwezi Oktoba 1973, mafuta yalipopanda bei duniani. Sisi tuliionja adha hiyo kwa namna yetu: wasomaji wenye umri mkubwa watakumbuka miaka ambayo magari ya binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili alasiri bila ya kibali, nchi ikihesabu kila lita. Huko Marekani magari ya fahari yalipunguzwa urefu na uzito, yakaendelea kwa miaka mingine kadhaa, kisha yakafifia. Riviera ya mwisho ilitoka kiwandani mwaka 1998, na kwa mwaka wa 1999 jina likawa limekwisha.

Magari hayo hayakuja kwetu kwa wingi. Usukani wake upo kushoto, nasi tunaendesha upande wa kushoto wa barabara; yalikunywa mafuta kupita kiasi, na bei yake haikuwa ya watu wetu. Kwa hiyo Marekani ilitusaidia lami ya Tunduma, lakini gari lake la fahari halikupita juu yake. Aliyepita ni mtoto wake, aliyelelewa Japani.

MTOTO ALIYELELEWA JAPANI

Wajapani nao, kama sisi, huendesha upande wa kushoto. Mwaka 1968 Toyota walitoa Corona Mark II, na miongoni mwa maumbo yake ya kwanza lilikuwepo lile la milango miwili na paa la chini, kwa mtindo wa Kimarekani. Mwaka 1980 paa lile la chini lilipewa milango minne, na mwaka 1981 Toyota wakaongeza gari la fahari la milango miwili, Soarer. Katika miaka hiyo ya 1980 mtumishi wa Kijapani aliyepanda cheo alijulikana kwa Mark II nyeupe, au kwa ndugu zake wawili, Chaser na Cresta.

GX 100, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1996, ni mjukuu wa hesabu hiyo. Siku utakapoiona imesimama, fungua mlango wake huku kioo kikiwa juu. Utaona kioo kimebaki peke yake, hakina fremu. Hiyo ni Riviera ya mwaka 1963 iliyofika Songwe. Boneti ni refu kwa sababu ndani yake zimepangwa silinda 6 kwa mstari mmoja, na injini ya namna hiyo ina sifa ya utulivu. Kiti ni kinene na hulala nyuma mpaka kikaribie kuwa kitanda. Mlango ukifungwa, kelele za dunia hubaki nje.

Mbona basi Wajapani huyauza yakiwa bado mazima? Sababu kubwa ni sheria zao za ukaguzi. Gari jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na gharama zake ni kubwa, hata mwenyewe huona heri aliuze anunue jingine. Gari hilo hupakiwa melini. Ndivyo kitu kilichobuniwa kwa raha ya mtu mmoja kinavyogeuka, huku kwetu na kwa jirani zetu, kuwa teksi, gari la harusi, la kumpeleka mgonjwa hospitali na la kusomeshea watoto. Katika hilo sioni ubaya, bali naona sifa.

Ubaya upo katika hizo kilometa 900 za katikati.

NILIVYOKOSEA NJIANI

Siku ile nilichelewa basi Mbeya. Jua lilikuwa linazama, na nilikuwa na miadi Tunduma asubuhi mapema. Mark II nyeupe yenye alama ya IT ilisimama mbele yangu, dereva akateremsha kioo. Nilijua kwamba gari la IT halipaswi kubeba abiria. Nilipanda. Sina la kujitetea.

Dereva alikuwa kijana wa miaka kama 25, mwenye adabu, aliyenisalimu na kuniuliza habari za kazi. Aliniambia kwamba ameondoka Dar es Salaam jana yake, amelala saa mbili tu Makambako, na kwamba hulipwa kwa safari, si kwa siku. Akifika Tunduma hukabidhi gari, hupanda basi kurudi pwani, na kuchukua jingine. Nauli niliyompa ilikuwa nyongeza yake. Naomba uione hesabu hiyo: fedha yangu ndiyo iliyomfanya asimame Mbeya, kusimama ndiko kulikomchelewesha, na kuchelewa ndiko kulikomfanya akimbie.

“Kaka, gari hili halichoshi,” alisema, akiupapasa usukani. “Huwezi kujua kama uko themanini au mia na thelathini.”

Alisema kweli, nami nilifurahi kama yeye. Senjele tuliipita kwa uangalifu, nyuma ya malori yaliyokuwa yakijikongoja. Hofu ikatutoka. Mbele yetu barabara ikanyooka, redio ikawa inanong'ona, hewa ya ndani ikawa ya uvuguvugu, na tairi hazikusikika kabisa. Nami nikasinzia.

Kilichoniamsha ni honi ya lori. Taa zake zilikuwa zimejaa kioo chote cha mbele, nasi tulikuwa upande wake wa barabara. Nilipiga ukelele. Kijana akavuta usukani, gari likayumba, tairi za kushoto zikaingia kwenye changarawe, likatulia. Lori likapita huku honi yake ikizidi kulia mpaka ikapotelea nyuma yetu.

Tulikaa kimya kwa muda. Kisha akasema kwa sauti ndogo: “Samahani, kaka. Sikulala. Nilifumba macho tu.”

Tulisimama Mlowo, mbele ya kibanda cha mama mmoja muuza chai. Mama yule alimtazama kijana usoni, asiulize lolote. Alimimina chai ya tangawizi, akamwambia: “Kunywa, mwanangu. Halafu ukalale. Gari halitakukimbia.”

Kijana akakubali. Alirudi garini, akakilaza kile kiti kinene mpaka mwisho, akafunga mlango. Nilikaa kwenye benchi na yule mama kwa muda wa saa moja na zaidi. Gari lile lilikuwa kimya chini ya taa ya kibanda. Nikafikiri kwamba huenda hiyo ilikuwa mara ya kwanza katika safari nzima kiti kile kufanya kazi yake kwa halali: kumpumzisha mtu aliyechoka, gari likiwa limesimama.

Tulifika Tunduma usiku wa manane, polepole. Asubuhi nilimkuta akiliosha gari kwa ndoo kabla ya kulikabidhi. Nilimwuliza kama naye anatamani kuwa na lake. Akacheka.

“Mark II nimeziendesha nyingi kuliko Mjapani yeyote,” alisema. “Nyumbani nina baiskeli.”

LA KUZINGATIA

Ndugu msomaji, gari lile lilibuniwa ili mwenyewe asiisikie barabara. Alidhaniwa kuwa mtu aliyelala vizuri, anayetoka ofisini kurudi nyumbani, katika njia pana isiyo na lori lililozimika gizani wala ng'ombe wanaovuka. Hapa kwetu linaendeshwa na kijana asiye mwenyewe, asiyelala, katika barabara ambayo ni lazima isikike kwa kila tairi. Utulivu ule uliokuwa anasa kwa wa kwanza umekuwa hatari kwa wa pili.

Madereva wa Fiat wa mwaka 1966 hawakuwa na tatizo hilo. Lori lao lilipiga kelele, liliwatikisa, liliwachoma kwa joto la injini, na halikuwaruhusu kusahau mahali walipo. Waliuawa na ubovu wa barabara. Ingekuwa aibu vijana wa leo wauawe na ulaini wa kiti.

Kwa hiyo nawasihi wale wote wanaohusika. Wewe unayemiliki magari yale, au unayeyasimamia kwa niaba ya mteja wa Zambia au Kongo: gharama ya kitanda kimoja cha nyumba ya wageni Makambako au Mbeya ni ndogo kuliko taa moja ya Mark II, ihesabu ndani ya safari. Wewe mzazi au mke wa dereva: ukimpigia simu, usimwulize tu atafika lini, mwulize amelala saa ngapi. Nawe msafiri uliyechelewa basi kama mimi: lala ulipo, uondoke na basi la alfajiri. Miadi yangu ya asubuhi ile ilisogezwa mbele kwa saa nne bila ya ugomvi wowote. Kumbe ningeweza kulala Mbeya.

Na siku utakapopata nafasi ya kwenda Tunduma, nenda. Ni mji wa watu wachangamfu, wenye soko la pande mbili na habari za nchi nyingi. Keti kwenye benchi la muuza chai, uyatazame magari ya fahari yakiingia, uone mistari yake na vioo vyake visivyo na fremu. Kisha mtazame na dereva anaposhuka. Akiwa na macho mekundu, msogezee nafasi kwenye benchi, umwagizie chai.